Mombasa kwa Tumbo na Nyayo: Kumi Hadi Moja, na Dada Akipinga

Watu wa bara wakija Mombasa kwa wikendi huwa na mpango mmoja. Kwanza hoteli, pili picha, halafu saa tisa alasiri, jua likiwa kali na wapishi wa mchana wameshaosha masufuria, ndipo wanapokumbuka kwamba binadamu hula. Mwisho wake ni chipsi. Kuja Mombasa ukala chipsi si kosa la jinai, lakini usitarajie mwenyeji akuombee dua.

Mimi hupanga kinyume. Naandika milo kwanza: Ijumaa usiku, Jumamosi mara tatu, Jumapili mara mbili. Vya kutafuna katikati havihesabiwi, maana vikihesabiwa mtu huona haya. Kisha kati ya mlo na mlo natia matembezi, kiasi cha kushusha kilicholiwa na kukiwekea nafasi kinachokuja. Kisiwa chenyewe hakizidi sana kilomita za mraba 14, kwa hiyo miguu inatosha, ila kila chakula kina saa yake na hakikungoji. Mahamri ni ya asubuhi. Biriani ni ya mchana. Viazi vya karai ni vya alasiri, muhogo ni wa jioni. Anayepanga kwa saa za makumbusho peke yake atayaona makumbusho yote na asionje kitu.

Orodha inateremka kutoka kumi hadi moja. Nilimpa dada yangu mkubwa, aliyeolewa Kibokoni, aipitie kabla haijachapwa. Imerudi imejaa wino mwekundu. Nimeyaacha maneno yake pale pale alipoyaandika, isipokuwa yale ambayo gazeti la heshima haliwezi kuyabeba.

10. Kushuka treni na njaa

Kwa wanaotoka Nairobi, treni ya Ijumaa alasiri ndiyo yenye akili. Reli hii mpya, tangu ilipofunguliwa 2017, inakata Tsavo katikati, basi kaa dirishani: ukibahatika utaona ndovu hai. Watazame vizuri, kwa sababu wale wa mjini ni wa bati.

Stesheni iko Miritini, upande wa bara, na bado una mwendo wa matatu hadi kisiwani. Hapo ndipo biskuti za njiani humshinda mtu. Vumilia. Barabara ya Makadara usiku ina moshi wa makaa unaokupokea kabla hujaona mkahawa wowote. Tarboush na majirani zake wanachoma kuku wa tikka na mishkaki, na naan hutoka tanurini ikiwa moto wa kuunguza vidole. Agiza na ukwaju wa baridi. Ukimaliza, nenda ukalale. Usianze kutembea usiku huu. Huna sababu ya kumthibitishia mtu yeyote kwamba umefika.

Dada: "Mgeni wangu mimi hali Makadara usiku wa kwanza. Atakula kwangu."

Dada, wasomaji ni wengi.

"Na sinia ni kubwa."

9. Pembe za Ndovu

Picha moja, kisha twende.

Zile pembe kubwa za alumini zinazopishana juu ya Moi Avenue zilianza kusimamishwa 1952 kwa ajili ya ziara ya binti mfalme Elizabeth wa Uingereza. Kwa bahati mbaya mfalme, baba yake, alifariki Februari mwaka huo huo, binti akiwa bado kwenye nyanda za juu za Kenya. Akarudi kwao kwa ndege akiwa malkia, na meli iliyokuwa ikimsubiri Mombasa ikasubiri bure. Mji mzima ulipambwa, mgeni hakuja. Hakuna mwenyeji wa pwani asiyeijua hali hiyo: umepika, umefagia, umetoa sahani za kabatini, na simu inalia kusema "tumepata dharura."

Matembezi hapa ni ya kupita tu. Vuka barabara kwa uangalifu, madereva hawatazami pembe.

8. Marikiti na Biashara Street

Jina lake rasmi ni Soko la Mackinnon, na limekuwapo tangu 1914. Mwambie dereva wa tuktuk "nipeleke Mackinnon" naye atakuuliza huyo Mackinnon anakaa mtaa gani. Sema Marikiti.

Ndani kuna matunda na mboga, lakini pua ndiyo iongoze: nenda kwa wauza viungo. Iliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga, manjano, bizari ya pilau iliyosagwa au nzima. Nunua nzima, usage mwenyewe. Kiungo kilichosagwa hakikuonyeshi kimelala dukani muda gani. Vilevile kuna achari ya maembe, kachiri za muhogo zenye pilipili, na mabuyu mekundu yatakayokupaka midomo rangi hadi uonekane umetoka kwenye ngoma. Hivyo vya kutafuna ndivyo nilivyosema havihesabiwi.

Kuhusu bei: mgeni anayeogopa kupunguza bei hulipa ada ya woga. Anayepunguza kupita kiasi naye hujipatia kipimo chepesi. Katikati ndipo penye amani, na mara nyingi utaongezewa kiganja kimoja cha juu ukiwa umesalimia kwanza.

Ukitoka hapo, Biashara Street iko karibu, na hapo ni leso na vikoi ukuta kwa ukuta. Leso husomwa kabla ya kulipiwa. Najua mtu aliyempelekea mama mkwe leso nzuri sana ya rangi ya zambarau, na hadi leo haelewi kwa nini alipewa chai isiyo na sukari.

Dada: "Hakuwa mtu. Alikuwa mume wangu."

7. Ngome ya Yesu, kabla jua halijapanda

Ingia mapema, milango ikifunguliwa tu. Saa tano mawe yanaanza kukupikia kutoka chini na jua linakupikia kutoka juu, nawe utaiva pande zote mbili.

Wareno waliijenga kuanzia 1593 hadi 1596, kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mtaliano aliyekuwa akimfanyia kazi mfalme wao. Ukiitazama kutoka angani ina umbo la mtu aliyelala, na kichwa chake kimeelekea baharini. Kuta ni za mawe ya matumbawe, nene kiasi kwamba ndani ya vijia vyake hewa hubaki baridi. Hapo ndipo pa kutembea polepole. Panda juu ya ukuta wa baharini utazame mlango wa bandari ya zamani: mawimbi ya bluu upande mmoja, mabati na minara ya misikiti upande wa pili.

Wengi husimuliwa vita, wakasahau kwamba habari kubwa ya ngome hii ni ya chakula. Waomani waliizingira Machi 1696, wakaipata Desemba 1698. Miezi thelathini na tatu. Kilichowamaliza waliokuwa ndani hakikuwa mizinga peke yake. Kilikuwa njaa na maradhi. Ulifika wakati mnamo 1697 ambapo Wareno waliokuwamo walikuwa wamekufa wote, na ulinzi ukashikwa na Bwana Daud wa Faza pamoja na Waswahili waliokuwa naye, hadi meli ya msaada ilipokuja. Baadaye Waingereza wakaigeuza jela, kuanzia 1895 hadi 1958, kisha ikawa makumbusho, na UNESCO ikaitia katika urithi wa dunia mwaka 2011.

Kwa hiyo ukitoka getini ukisikia njaa kidogo, heshimu waliokutangulia: usiseme "ninakufa njaa." Vuka tu ukanunue dafu.

6. Viazi vya karai, saa kumi

Kiazi huchemshwa, huchovywa kwenye unga wa dengu uliotiwa manjano na chumvi, kikaangwa hadi kivae gamba. Kinamwagiwa ukwaju wenye pilipili. Basi. Hakuna siri nyingine, lakini kuna watu wamekuja na mizani, daftari na digrii na bado vyao havitoki hivyo.

Dalili za pahali pazuri ni tatu. Foleni iwe na watoto wa shule, maana hao hawana pesa za kupoteza. Mafuta yawe yanalia, si yanayonung'unika. Na mwenye karai awe hana haja ya kukuita. Anayekuita sana viazi vyake vimepoa.

Ladha ya mji huu imepita bahari zote: kiazi, pilipili na muhogo asili yake bara la Amerika, na mahindi vilevile, na Wareno wale wale wa namba saba ndio wanaotajwa kuleta pwani mengi ya mazao hayo. Unga wa dengu una harufu ya Gujarat. Ukwaju ulikuwa hapa hapa. Miaka mia na zaidi ya kugombania ngome, na kilichobaki mdomoni ni hiki, kwa shilingi chache kwenye kipande cha gazeti.

Mwezi wa Ramadhani mpango wote hupinduka, na msafiri ajue mapema. Mchana majiko mengi ya Mji wa Kale huwa yamezimwa, na si vizuri kutafuna njiani mbele ya waliofunga. Magharibi ikiingia kila kitu hufunguka kwa mpigo: kaimati, vitumbua, sambusa, vibibi, mkate wa sinia, na watu hutembea hadi usiku wa manane. Kwa mlaji mvumilivu hiyo ndiyo wikendi bora ya mwaka mzima. Kwa asiye mvumilivu, ni mchana mrefu sana.

Dada: "Sita? Viazi vya karai namba sita? Weye ulilelewa wapi?"

5. Feri ya Likoni

Bure kwa waendao kwa miguu. Unaingia na watu, baiskeli, mikokoteni na magari, unasimama ukingoni, unavuka mkondo wa Kilindini, unashuka Likoni, unageuka, unarudi. Watu hulipa maelfu kwa safari za baharini fupi kuliko hii na hawapati hata mhubiri.

Nenda Jumapili asubuhi, si saa za kwenda kazini. Shika mkoba mbele. Na ukiona meli ya makontena inakuja kutoka baharini, feri husubiri ipite. Hapo ndipo utakapoelewa ukubwa wa meli.

4. Msitu wa Bamburi, na mdudu mwenye miguu mingi kuliko msafiri

Hapa nitakaa kidogo, dada akipenda asipende.

Vuka daraja la Nyali, lililojengwa 1980, uelekee kaskazini hadi Bamburi. Zamani hapa palikuwa shimo. Kiwanda cha saruji kilichimba mawe ya matumbawe kwa miaka, kikaacha uwanja mweupe, wa chumvi na joto, usioota hata jani. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alianza kupanda miti humo. Alijaribu aina nyingi. Zilizo nyingi zilikufa. Mvinje ukashika. Mvinje ni mti usiodai mengi, na mizizi yake hushirikiana na viumbe vidogo vinavyoupatia chakula pasipo na udongo.

Tatizo likaja juu ya tatizo. Mvinje huangusha vijani vyembamba mfano wa sindano, vikarundikana chini bila kuoza. Bila kuoza hakuna udongo, na bila udongo mti wa pili hauji. Dawa ikawa jongoo. Ndiyo, jongoo yule yule unayemruka ukiwa na viatu vipya. Majongoo wakaletwa kwa wingi, wakala sindano zile, na walichokitoa nyuma kikawa udongo mweusi. Juu ya udongo huo ikaota miti mingine, wakaja ndege, wakaletwa twiga na wanyama wengine. Leo unatembea chini ya kivuli kinene kwenye shimo la machimbo, na kila hatua unakanyaga kazi ya jongoo. Mlaji mkubwa kuliko wote katika orodha hii ni yeye, na wala hajawahi kulalamikia chumvi.

Hapa ndipo pia alipoletwa Owen, yule mtoto wa kiboko aliyesombwa na maji hadi baharini karibu na Malindi, akaokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004. Alipofika alimkimbilia kobe mkubwa wa Aldabra aliyekuwa na umri wa miaka ipatayo 130, aitwaye Mzee, akajificha nyuma yake, na tangu hapo wakala na kulala pamoja. Dunia nzima ilishangaa. Wapwani hawakushangaa sana: ukikimbilia kwa mzee anayekula polepole, utashiba.

Matembezi yenyewe ni rahisi, njia ni tambarare, na kivuli kinakuruhusu kwenda hata saa ambazo kisiwani hutaki kutoka nje. Ukitaka ufuo baada ya hapo, teremka hadi pwani ya Nyali au Bamburi maji yakiwa yamekupwa. Uliza wavuvi saa za maji. Ratiba ya bahari haifuati ya hoteli. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji hutoka mbali kabisa hadi mchanga unakuwa uwanja, kisha hurudi kwa haraka isiyojali viatu ulivyoviacha. Siku za maji mafu tofauti ni ndogo, na viatu vyako vina amani. Epuka Aprili na Mei kama hupendi masika. Juni hadi Septemba upepo wa kusi hupunguza joto na kutembea kunakuwa starehe.

Dada: "Umeandika mistari yote hii na sijaona sahani. Msitu hauna bhajia."

Kweli. Chukua zako kutoka mjini, na usizifungue karibu na kima, wao hawajui foleni.

3. Biriani ya Jumapili mchana

Tuweke wazi jambo moja kwanza, maana wageni wengi huulizia "ile pilau yenye mchuzi" na kumvunja mpishi moyo. Pilau hupikwa pamoja: nyama, viungo na mchele ndani ya sufuria moja, na mchele hutoka umekolea rangi ya kahawia. Biriani ya pwani ni ndoa ya vyumba viwili. Mchele una chungu chake, na masala ina chungu chake, nyama au kuku aliyelazwa kwenye maziwa lala, vitunguu vilivyokaangwa hadi kuwa rangi ya dhahabu, nyanya, tangawizi, kitunguu saumu, na viazi vizima. Wanakutana kwenye sahani tu. Pembeni kachumbari, pilipili ya kupika, ndizi mbivu na glasi ya maji ya matunda.

Wingi wa vitunguu ndio kipimo. Mpishi anayebania vitunguu atakubania na mengine. Na usimharakishe, biriani iliyo tayari saa sita kamili ilipikwa jana au ilipikwa kwa hasira.

Nimeiweka namba tatu kwa sababu moja ya haki: baada yake hakuna matembezi. Orodha inasema tumbo na nyayo, na biriani inaua nyayo. Safari pekee inayowezekana ni kutoka mezani hadi mkekani, upande wenye feni.

Dada ameandika ukurasa mzima hapa. Muhtasari: biriani ni namba moja, imekuwa namba moja tangu enzi, na anayesema vinginevyo asibishe hodi Jumapili. Nimebisha hodi Jumapili. Mlango ulifunguliwa, sahani ikaletwa, na mfuniko ulipofunuliwa kulikuwa na chipsi.

2. Mama Ngina, jua likizama

Ukingo wa kusini wa kisiwa, pale mibuyu mikubwa inapotazama mlango wa Kilindini, palifanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa upya 2019. Njia za miguu zikapanuliwa na mabenchi yakawekwa. Mibuyu haikuombwa maoni, lakini inaonekana haijali. Imeona Wareno, Waomani na Waingereza, na ukarabati pia utapita.

Fika saa kumi na moja. Jua hapa huzama mwaka mzima karibu na saa kumi na mbili na nusu, kwa hiyo huna udhuru wa kuchelewa. Tembea ukingo wote mara moja bila kununua kitu, ukikagua tu. Mzunguko wa pili ndio wa ununuzi, na utaratibu wake ni huu: kwanza dafu, unywe maji, kisha umwombe muuzaji alipasue upate nyama yake kwa kijiko cha gamba. Pili muhogo wa kuchoma. Muuzaji anaupasua katikati, anausugua ndimu iliyochovywa kwenye chumvi na pilipili ya unga, na hapo hapo una chakula kisichohitaji sahani, uma wala maelezo. Kama meno hayataki muhogo, kuna mahindi ya kuchoma kwa dawa ile ile ya ndimu. Tatu kachiri, moto moto kutoka kwenye karai, kwa sababu unarudi benchini na mikono haiwezi kukaa bure.

Sasa kaa. Meli za mizigo huingia Kilindini kupitia mkondo ulio mbele yako, karibu kiasi cha kusoma majina yaliyoandikwa ubavuni. Chini yake huwa kuna wavuvi kwenye vidau wakiendelea na shughuli zao, wala hawainui macho. Nyuma yako kuna familia nzima imetandika mkeka: nyanya na chupa ya chai, wajukuu na mpira, baba amelala akijifanya analinda viatu. Mombasa ya mabango ya utalii ina ngamia na miti ya minazi. Mombasa yenyewe Jumapili jioni iko hapa, na inakula muhogo.

Onyo dogo: bei ya dafu hupanda kulingana na lafudhi. Fanya mazoezi ya kusema "masalkheri" kabla hujashuka kwenye tuktuk.

Dada: "Hapa umesema kweli. Lakini hujataja ukwaju wa barafu."

Nimeutaja sasa.

1. Mji wa Kale alfajiri, na mahamri kwa mbaazi

Ibn Battuta alipita Mombasa mwaka 1331. Alilala usiku mmoja tu, kisha akaendelea na safari yake kuelekea Kilwa. Kwa hesabu yoyote huyo ni mtalii wa wikendi, na tena aliyebana. Lakini tazama alichokiandika kwa usiku mmoja: kwamba watu wa kisiwa hiki hula zaidi ndizi na samaki; kwamba nafaka huletwa kutoka bara; kwamba kuna malimau na matunda matamu ya aina ya zambarau; na kwamba watu hutembea miguu mitupu, na mlangoni mwa msikiti huosha miguu kabla ya kuingia. Chakula na nyayo. Hakupoteza mstari kwa kitanda alicholalia.

Basi fuata mfano wake na uamke kabla ya jua. Anza upande wa Ngome, ingia Ndia Kuu wakati njia bado ina kivuli cha buluu na maduka ya vinyago yamefungwa. Saa hiyo mji ni wa wenyewe. Wazee wanatoka msikitini, paka wanagawana vichwa vya samaki kwa mkutano usio na mwenyekiti, na vibaraza vya mawe havijapata joto. Tazama juu: roshani za mbao zenye nakshi. Tazama kando: milango iliyochongwa, mingine imetunzwa, mingine inaomba fundi. Pita Msikiti wa Mandhry, unaohesabiwa kuwa wa mwaka 1570 hivi, na mnara wake mweupe unaopungua kwenda juu. Endelea hadi Bandari ya Kale, ambako majahazi yaliyokuja na kaskazi na kurudi na kusi yalifunga kwa karne nyingi, yakileta tende, samaki mkavu na vyungu, yakiondoka na boriti na nafaka. Siku hizi si mengi. Uliza kabla ya kupiga picha, bandarini na kwa watu. Vaa nguo ya kukusitiri mabega na magoti. Si sheria, ni adabu ya kuingia nyumbani kwa watu, na vichochoro hivi ni sebule ya wenyewe.

Potea kwa makusudi. Huwezi kupotea sana: ukiteremka utakuta maji, ukipanda utakuta kelele za magari. Salimia kila mtu kwa "subalkheri" na utaelekezwa njia hata kama hujauliza.

Kisha fuata harufu ya iliki.

Mahamri hukandwa usiku. Unga wa ngano, tui la nazi, iliki iliyotwangwa, sukari kidogo, hamira, na mkono usio na haraka. Unga hulala ukaumuka hadi alfajiri, ukasukumwa, ukakatwa pembe tatu na kutiwa kwenye mafuta moto, na hapo kila kipande hujaa hewa na kupinduka chenyewe. Hamri zuri ukilipasua lina pango ndani. Pango hilo lina kazi: ni la kuingizia mbaazi. Mbaazi nazo huchemshwa hadi zilainike, zikamaliziwa kwa tui zito, kitunguu na pilipili mbichi. Unachovya, unajaza, unakula, unapangusa sahani kwa kipande cha mwisho, kisha unagundua mbaazi zimebaki na mahamri yamekwisha, unaongeza mahamri. Halafu mahamri yanabaki na mbaazi zimekwisha. Hesabu hii haijawahi kutoka sawa kwa mtu yeyote ninayemfahamu, na sidhani mwenye biashara ana haja itoke.

Mengi mazuri huuzwa mlangoni pa nyumba, si mkahawani: mama amekaa na beseni lililofunikwa kitambaa, hana bango wala jina. Utamjua kwa watoto waliotumwa wakiwa na mabakuli. Ukiona bakuli tupu linaingia kichochoroni, lifuate. Malizia kwa kahawa chungu kutoka kwenye dele la shaba, kikombe kidogo kisicho na mkono, na kipande cha halua kuisindikiza. Kaa barazani na wazee uisikilize siasa ya dunia ikitatuliwa kabla ya saa mbili.

Fanya hivi asubuhi zote mbili. Jumamosi kwa kujifunza njia, Jumapili kwa kula ukijua unakokwenda.

Jumapili ndiyo pia ya kuchukua ya safarini, mapema, maana saa tatu karai limeshateremshwa. Yafungwe kwa karatasi au uje na kikapu chako. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu 2017, na hata kabla ya sheria mahamri yalikuwa yakitoka jasho ndani yake. Mimi nilipendekeza kumi kwa mtu mmoja.

Dada: "Kumi ni ya kula hadi Voi. Ya kutoka Voi je?"